Kabla Hujatuma Pesa ya Kukodi Shamba Nyumbani

Nina saiba hapa Kawangware, Nairobi, upande wa stendi ya 56: kompyuta tatu, mashine ya nakala na kaunta ya M-Pesa. Januari ikiingia, kazi inayonijia zaidi ni kuchapa makubaliano ya kukodi mashamba. Wateja wangu ni walinzi wa usiku, mafundi wa mjengo, kina mama wa kufulia watu nguo huko Lavington. Wengi tumetoka magharibi, na hadithi ni ile ile: shamba la baba limekatiwa ndugu wanne au watano, kilichobaki ni mahali pa nyumba, migomba na kiraka cha mahindi. Kwetu Vihiga, sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita mraba. Anayetaka mama yake ale mpaka mavuno yajayo, na hana pesa za kununua ardhi, hukodi.

Kukodi hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye namna tunavyokodi: kwa simu, kwa haraka, "nusu ekari" ambayo hakuna aliyeipima, kutoka kwa mtu ambaye pengine hata shamba si lake. Mwezi wa Mei mahindi yakifika magotini, mwenyewe hasa anajitokeza. Haya ni mambo ninayowaambia watu kabla sijagusa kibodi. Mimi si wakili. Ni mchapaji tu aliyesoma karatasi nyingi na kusikia kesi nyingi zikisimuliwa kwenye benchi langu.

Hesabu ya tumbo kwanza

Mtu akiniambia anataka kukodi ekari moja, namuuliza: nyumbani wanakula wangapi? Mara nyingi hajafikiria. Anataka ekari kwa sababu ekari ni neno linalojaza mdomo.

Kipimo cha kukumbuka ni hiki: mtu mmoja hula karibu gunia moja la mahindi la kilo 90 kwa mwaka. Nyumba ya watu watano ni magunia matano. Gunia ni debe tano, kwa hivyo nyumba hiyo hula kama debe mbili kwa mwezi, ukijumlisha uji na wageni. Sasa tazama robo ekari iliyobaki nyumbani. Mkulima mdogo wa Kenya kwa wastani hupata magunia saba au manane kwa ekari, basi robo inatoa mawili. Magunia mawili ni debe kumi, ndiyo miezi mitano. Ukivuna Agosti, umemaliza Januari, wakati huo huo shule zinafunguliwa. Kuanzia hapo mama ananunua kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, na bei ya gorogoro hupanda kila wiki mpaka mahindi mabichi yatoke.

Pengo ni magunia matatu. Kwa mavuno ya kawaida, nusu ekari inaliziba na kubakisha kidogo. Kwa hivyo huyo mtu wangu wa ekari moja anahitaji nusu, na pesa za nusu ya pili aziweke kwenye mbolea na palizi. Nimeona ekari nzima ikikodiwa kisha pesa za palizi ya pili zikakosekana, magugu yakala shamba lote. Nusu iliyotunzwa vizuri huishinda ekari ya namna hiyo.

Halafu piga hesabu ya pesa, lakini matokeo yaseme gorogoro. Tuseme nusu ekari ni shilingi 4,000 kwa msimu. Ng'ombe wa kulima mara mbili, 3,000. Mbegu: ekari hula kilo 10, basi nusu ni kilo 5, weka 1,500. Mbolea: nusu mfuko ya kupandia na nusu mfuko ya kukuzia. Serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa ruzuku hadi 2,500 mwaka 2023, na ukiipata kwa bei hiyo ni 2,500 zote mbili. Palizi mbili, 3,000. Jumla 14,000. Ukivuna magunia manne una gorogoro 180 za kilo mbili mbili, na kila moja imekugharimu shilingi 78. Ikiwa mwezi wa Mei gorogoro inauzwa 120 sokoni, umefanya la maana. Mvua ikikaa vizuri upate magunia manane, gorogoro imekugharimu 39.

Badilisha bei zangu uweke za kwenu. Lakini ona jambo moja: ukivuna magunia manne kisha uuze Agosti wakati kila mtu anauza na bei imeanguka hadi 70, umepata hasara. Ndiyo maana huwaambia watu wakodi shamba kwa ajili ya kula. Anayekodi nusu ekari ili auze mahindi wakati wa mavuno anamfanyia kazi mwenye shamba, mwenye ng'ombe na duka la mbegu, yeye akibaki na jasho.

Na aliye nyumbani ajiandikishe kwa chifu kwa ajili ya mbolea ya ruzuku mapema, kwa kitambulisho chake na namba yake ya simu. Ujumbe huja kwenye namba iliyoandikishwa. Mkiandikisha namba ya kijana aliye Nairobi anayebadilisha laini kama soksi, mbolea itabaki bohari.

Ni la nani hasa?

Hapa ndipo ninapochelewesha watu, na wengine hukasirika. Fundi mmoja wa mawe aliingia jioni akiwa bado na vumbi la simiti kwenye nywele.

"Bosi, nichapie tu haraka, gari la usiku linaondoka. Binamu yangu ananikodishia nusu. Hana maneno."

"Fundi, binamu ana bibi?"

"Ako naye."

"Mwaka jana nani alilima hapo?"

Akanyamaza kidogo. "Bibi ndiye hulima."

"Basi bibi naye aweke sahihi."

Swali la nani alilima mwaka jana linafichua mengi kuliko lile la nani ana hati. Mashamba yetu mengi bado yako kwa jina la babu aliyezikwa zamani. Wanaolima ni wajane, wake wa watoto, mabinti waliorudi nyumbani. Anayekodisha ni mwanamume aliye mjini mwenye shida ya pesa. Usipomhusisha anayelima, umekodi ugomvi.

Hati ikiwa ya mtu aliye hai, uliza namba ya shamba, kisha fanya upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa ardhi ya kaunti ambako shamba liko. Watu hukimbilia Ardhi House kwa sababu iko hapa karibu, wakidhani rekodi zote za nchi ziko pale. Za mashambani ziko kwenye ofisi za kaunti. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa 2021 ukianza na Nairobi, basi uliza kwanza kama kaunti yako imeingizwa kabla hujapoteza nauli. Upekuzi utakuambia jina la mwenye ardhi, kama kuna zuio, na kama benki ina mkono wake hapo. Kwa msimu mmoja wa nusu ekari, wengi hawataki gharama hiyo, na siwalaumu. Kwa miaka mitatu, usikubali bila upekuzi.

Hati ikiwa ya marehemu na familia haijaenda kortini kwa urithi, hakuna hata mmoja wao anayeweza kujiita mwenyewe peke yake. Sheria ya urithi inakataza mtu kuichezea mali ya marehemu bila idhini ya korti. Katika hali hiyo mimi huchapa msimu mmoja tu, na huomba sahihi ya mjane na ya watoto wote wazima walio karibu, mabinti wakiwemo. Msichana aliyeolewa bado ni mtoto wa marehemu mbele ya sheria, hata kama kaka zake hawapendi kusikia. Ikiwekwa sahihi ya kaka mmoja na wengine watatu wapo, jua umelipa robo ya bei na utaitishwa zilizobaki.

Mashahidi je? Watu wanapenda chifu kwa sababu ana mhuri. Mhuri ni mzuri, lakini chifu huhamishwa, na siku ya ugomvi hakumbuki ni karatasi gani hiyo. Shahidi wa maana zaidi ni jirani wa mpaka. Yeye anajua ule mti wa lusiola wa mpakani ulipandwa na nani na ng'ombe wa nani walilishwa pale mwaka juzi, na atakuwepo mwezi wa Agosti. Weka jirani wa mpaka mmoja kila upande, kisha mzee wa kijiji. Chifu akipatikana, heri.

Lipime

Neno "nusu ekari" kijijini linaweza kumaanisha chochote. Ekari ni mita mraba 4,047. Shamba la mraba kamili lenye ekari moja lina upande wa mita 64 hivi. Nusu ekari ni mita 45 kila upande. Robo ni mita 32. Ile tunayoita hamsini kwa mia, ya futi, ni pungufu kidogo ya sehemu moja ya nane.

Chukua kamba ya katani, uipime mita kumi kwa futi ya fundi, uifunge fundo kila mita tano. Watu wawili, mmoja kila mwisho. Mashamba yetu ni marefu na membamba, yanashuka mpaka mtoni, kwa hivyo pima urefu, kisha pima upana mara mbili, juu na chini, uchukue wastani. Zidisha. Mama mmoja anayeuza mandazi hapa karibu alimtuma mwanawe kupima kabla ya kulipa. Ikatoka mita 60 kwa 25. Hiyo ni 1,500, na nusu ekari ni zaidi kidogo ya 2,000. Angelipa bei ya nusu, robo nzima ya pesa zake ingekuwa ya ardhi ambayo haipo. Hakugombana na mwenye shamba. Alimwonyesha kamba, bei ikashuka.

Mkipima, pimeni na mwenyewe akiwepo. Ukipima peke yako unaonekana unataka kunyakua.

Na ukiwa hapo, tembea. Uliza kilichopandwa msimu uliopita. Mahindi yakiwa yamepandwa mfululizo bila maharagwe, udongo umechoka. Angalia kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linaloshika mizizi ya mahindi. Linaonekana vizuri mahindi yakiwa makubwa, kwa hivyo mwezi wa Februari lazima uulize jirani, si mwenye shamba. Shamba lenye kayongo jingi usikodi kwa mahindi hata ukipewa bei ya chini. Panda maharagwe au viazi vitamu hapo, au tafuta kwingine. Kuna njia ya desmodiamu, mmea wa kulisha mifugo unaopandwa katikati ya mistari na kuzuia kayongo pamoja na vipekecha shina, iliyotoka kwa watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, na inafanya kazi. Lakini desmodiamu hukaa shambani miaka. Aliyekodi msimu mmoja hawezi kumpandia mwenye shamba zawadi ya namna hiyo.

Kwa hesabu hiyo hiyo, samadi. Ukikodi msimu mmoja, usiitawanye shamba zima. Itie kwenye mashimo ya mbegu, kiganja kimoja kila shimo, ili mahindi yako ndiyo yaile. Ukitaka kuurudishia udongo nguvu kwa kweli, omba misimu mitatu kwa karatasi moja. Wenye mashamba wengi hukubali ukiwaambia utaweka samadi.

Pesa

Usitume zote. Nusu siku ya sahihi, nusu baada ya palizi ya kwanza. Ukitoa zote Januari, mwenye shamba akipata mtu wa bei kubwa zaidi Februari, utakuwa unamfuatilia kwa simu isiyoshikwa.

Tuma kwa M-Pesa kwa namba ya mwenyewe, iliyo kwa jina lake, si kwa dalali, si kwa "shemeji ambaye ataniletea". Ujumbe wa M-Pesa una jina, tarehe, kiasi na namba ya muamala. Andika namba hiyo kwenye karatasi, maana simu huibiwa. Nimewaona watu wakirudi kwangu kuomba nitafute ujumbe wa mwaka jana kwenye laini ambayo hawana tena.

Wengine hawana pesa, wanakubaliana kugawana mavuno. Ni sawa, ila andikeni mnagawana nini: mahindi makavu baada ya kupukuchuliwa, yaliyopimwa kwa debe, au mahindi kwenye mabua? Na mbegu na mbolea zinatolewa kwanza au la? Na mahindi mabichi ambayo watoto wa mwenye shamba watavunja Julai? Hili la mwisho watu hulicheka, kisha ndilo linaloleta kelele.

Karatasi yenyewe

Kwa muda usiozidi miaka miwili, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu ukodishaji wa muda mfupi hata kwa mdomo, na hausajiliwi. Andika hata hivyo. Fahamu pia kwamba shamba la kilimo liko chini ya sheria ya udhibiti wa ardhi ya 1967, ambayo inataka ukodishaji upate idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkubaliane. Kwa msimu mmoja kijijini ni nadra mtu kwenda huko. Lakini ukikodi ekari kwa miaka mitano na kulipa laki, nenda. Bila idhini makubaliano huhesabika kama hayapo, na kinachobaki ni kudai pesa zako kama deni. Kwa karatasi ya aina hiyo mimi husema tafuta wakili, sitaki hata kuichapa.

Ya msimu ninayoichapa huwa hivi:

*Mimi ______, kitambulisho namba ______, nimemkodishia ______, kitambulisho namba ______, sehemu ya shamba namba ______ kijiji cha ______, kata ndogo ya ______. Sehemu hiyo ina urefu wa mita ___ na upana wa mita ___, na inapakana na ______ upande wa juu, ______ upande wa chini, ______ kulia na ______ kushoto.*

*Muda ni kuanzia tarehe ______ mpaka tarehe ______, au mpaka mahindi ya mwisho yavunwe, lolote litakalochelewa, lakini si zaidi ya tarehe ______.*

*Kodi ni shilingi ______. Amelipa ______ leo kwa M-Pesa, namba ya muamala ______. Atalipa ______ baada ya palizi ya kwanza.*

*Mazao yaliyo shambani ni ya aliyekodi mpaka avune, hata shamba likiuzwa, likigawanywa au mwenyewe akifariki. Maharagwe katikati ya mahindi yanaruhusiwa. Mabua baada ya mavuno ni ya ______. Miti, migomba na majani ya ng'ombe yaliyo kando ni ya mwenye shamba. Mifugo haitaingia kabla ya mavuno.*

Kisha majina na sahihi: mwenye shamba, mke au mume wake, aliyekodi, majirani wa mpaka wawili, mzee wa kijiji. Asiyejua kuandika huweka kidole, na jina lake linaandikwa kando na mtu mwingine. Nakala tatu.

Hiyo "lolote litakalochelewa" ina sababu yake. Mbegu za muda mrefu zinazopendwa nyanda za juu huchelewa kukauka, na mvua ikichelewa Machi kila kitu kinasogea. Mwenye shamba anataka kupanda msimu wa vuli. Tarehe ikisema 31 Agosti tu, ng'ombe wa kulima wanaingia Septemba mosi na mahindi yako bado yamesimama. Hili la tarehe, na lile la mabua, ndiyo mambo mawili yanayoletwa zaidi kwenye benchi langu. Mabua ni chakula cha ng'ombe, na Agosti majani ni haba, basi mtu anaweza kukosana na jirani wa miaka thelathini kwa sababu ya mzigo wa mabua.

Ukiwa wewe ndiye unayekodisha lako

Kuna wanaokaa kwenye kiti hicho hicho wakiwa upande wa pili: wanatoa kipande chao kwa sababu ya karo au bili ya hospitali. Kwao nina ukali zaidi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Sijaona mtu akienda na kifungu hicho soko la Luanda kule Vihiga akarudi na debe. Shamba lako dogo ndilo hilo debe. Usilikodishe lote. Bakiza la mboga karibu na nyumba, la kunde, managu na saga, na bakiza kiraka cha viazi vitamu ambavyo huchimbwa kidogo kidogo wakati ghala likiwa tupu. Usikodishe zaidi ya msimu mmoja kwa mkupuo. Anayekuja na pesa za miaka mitatu mezani anajua una shida leo. Mwaka wa pili bei itakuwa imepanda na wewe utakuwa umekula zote.

Miwa iogope zaidi. Kwetu magharibi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kukomaa, na baada ya kukatwa huchipua tena, kwa hivyo aliyekukodi kwa ajili ya miwa hatakurudishia shamba kwa msimu. Nimechapa karatasi za namna hiyo nikimwona mzee anahesabu noti na bibi yake ameangalia mlango.

Njia ninayoipenda, na imeshika kwa baadhi ya watu wetu, ni kuitisha kodi nusu kwa pesa na nusu kwa mahindi: pesa kidogo sasa za karo, na debe nne siku ya mavuno. Hapo ukikodisha nusu ekari, bado una miezi miwili ya chakula inayotoka humo. Mkodi naye hapungukiwi pesa Januari. Andikeni debe, wala si gunia. Magunia yetu hayalingani.

Mahindi yakishafika ndani

Kukodi shamba kisha kuacha dumuzi, wadudu wa ghala, wayale mahindi ni kulima mara mbili kwa kazi ya bure. Yakaushe juu ya turubai, si juu ya udongo. Kujua kama yamekauka, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi cha viganja viwili na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, rudisha juani. Hili si la kupuuza: mwaka 2004 watu 125 walikufa Makueni na Kitui na maeneo ya karibu kwa mahindi yaliyoota kuvu na kuwa na sumu. Mahindi yaliyooza usiyafanye pombe ya busaa wala kuwapa kuku.

Yaliyokauka vizuri, weka kwenye yale magunia yenye karatasi mbili za plastiki ndani zisizopitisha hewa. Funga kila karatasi peke yake, kaza. Wadudu hukosa pumzi wakafa, hakuna dawa inayohitajika. Bei yake ni ya juu kuliko gunia la kawaida lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja panya wasipoitoboa. Kwenye kila gunia andika mwezi ambao litafunguliwa, kwa kalamu nene. Debe mbili kwa mwezi, kama tulivyohesabu.

Na sisi wa Nairobi, Desemba tukienda nyumbani, tuache tabia ya kurudi na debe mbili za mahindi na kuku ndani ya buti la matatu. Unamkodia mama shamba mwezi wa Februari, kisha unamla mwezi wa kumi na mbili.

Kurudisha

Mahindi yakitoka, usiondoke kimya kimya. Mpigie mwenye shamba aje aone, piga picha ya shamba likiwa wazi, kisha nyuma ya karatasi ile ile mwandike "Shamba limerudishwa tarehe ___, hakuna anayedai", sahihi mbili na ya jirani mmoja. Bila hivyo mwakani utasikia kwamba ulikata mti.

Mazungumzo ya msimu ujao yafanye siku hiyo hiyo, mkiwa shambani. Ukisubiri Januari utakuta bei ya watu wenye haraka, nami nitakuwa na foleni mpaka barabarani. Septemba benchi langu huwa tupu, na karatasi moja ninaichapa kabla chai haijapoa.